Mama mkwe ananiita Bi Mazingira, na maulidi yanakuja

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Makorora hapa Tanga, nyumba moja na mama mkwe. Mume wangu ni fundi umeme, riziki inapatikana, na tangu anioe hatujawahi kupandishiana sauti. Sasa tunapandishiana, na chanzo ni mifuko.

Masika iliyopita mtaro wa mbele ya nyumba yetu uliziba, maji yakaingia mpaka ukumbini. Vijana waliokuja kuuzibua walitoa rundo la vimfuko vya nailoni, pampasi na chupa za maji, vyote vimeshikamana kwa tope. Niliviangalia vile vimfuko nikajua na vyangu vimo humo. Nikakata shauri. Nikaanza kufuatilia habari za mazingira kwenye simu, nikanunua mfuko wa kitambaa, kisha mwingine, na kila nikimwona muuzaji wa mtandaoni ana muundo mzuri naagiza. Leo nina kabati zima. Niliagiza pia kutoka Dar es Salaam mitungi ya kioo ya kuwekea unga, mchele na viungo, miswaki ya mianzi na mirija ya chuma. Ilipofika, nikakusanya makopo yote ya plastiki yaliyokuwa jikoni, ndoo za rangi, makopo ya aiskrimu, madeli ya zamani, nikampa mzoa taka.

Kumbe mengine yalikuwa ya mama mkwe. Kopo la dagaa, kopo la unga wa muhogo, na ndoo moja yenye mfuniko ambayo ati anayo tangu mume wangu yuko shule ya msingi. Aliponiuliza nikamweleza kwamba plastiki haifai tena kwa nyumba ya kisasa. Hakunijibu. Ila tangu siku hiyo chumvi yake anaweka chumbani.

Sokoni nako ni vita. Siku moja kwenye soko la samaki la Deep Sea nilichagua changu wawili, kijana akawaparua magamba vizuri, akawatia kwenye kimfuko cheusi. Nikamwambia mimi hivyo situmii. Akanitazama, akasema, "Haya mama, wabebe mkononi." Nikawatia kwenye mfuko wangu wa kitambaa. Damu ikachuruzika mpaka kwenye gauni, dereva wa bajaji akakataa kunipakia. Pale Mgandini mama wa nyanya keshanizoea, akiniona kwa mbali anapaza sauti: "Bi Mazingira huyo, ficheni rambo!" Mama mkwe tulikuwa naye siku hiyo. Sasa ndilo jina langu nyumbani.

Bibi, mimi najitahidi kweli. Nanunua kwa wingi Jumamosi, sado la nyanya, sado la viazi, mboga za wiki nzima, ili nisirudirudi sokoni na kupewa mifuko. Vinavyoharibika natupa, lakini hivyo si plastiki, vinaoza tu vikaisha. Plastiki inayoingia ndani kwa bahati mbaya naichoma mwenyewe uani jioni ili isifike mtaroni. Mama mkwe anakohoa makusudi.

Juzi ndiyo tuligombana kabisa. Nilikuwa nimebandika maharage kwenye jiko la mkaa (mtungi wa gesi tunao, lakini nauweka kwa chai tu, maharage yanaumaliza). Mkaa ukaisha, nikamtuma mwanangu mkubwa kwa jirani akanunue makopo mawili. Akarudi nao kwenye rambo jeusi. Nikamrudisha nao. Jirani hakuwa na kitu kingine cha kutilia, akakasirika, mtoto akarudi mikono mitupu. Mume wangu akaja amechoka, maharage magumu. Akasema, "Wewe unaokoa bahari, nyumba inalala njaa." Mama mkwe akacheka kwa sauti.

Sasa mwezi wa Mfungo Sita tunasoma maulidi nyumbani, kama kila mwaka. Mama mkwe ameshatoa amri: maji ya chupa ndogo kwa kila mtu, na pilau kwenye vile vyombo vyeupe vya kutupa vyenye mfuniko, maana ndivyo walivyofanya jirani zetu na watu walisifu. Na manunuzi nimekabidhiwa mimi. Nikikataa nitaonekana nimesusia shughuli ya ukoo. Nikikubali, mama wa nyanya atanicheka mpaka kiama.

Nifanyeje Bibi? Au mkorofi ni mimi?

Mama Wawili,
Makorora, Tanga

*

Marahaba mjukuu wangu. Nisalimie huyo mkwe wako, naona ni mwanamke wa maana.

Niruhusu nicheke kwanza, utani wa bibi hauna dhambi. Umemtuma mtoto mkaa, kaja na mkaa ndani ya rambo, wewe ukaliona rambo. Mkaa hukuuona. Nitarudi hapo, maana nusu ya barua yako iko hapo.

Ila kwanza nikupe haki yako, kwa sababu kwenye rambo umesimama upande wa sheria. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mtengenezaji ana adhabu yake nzito, muuzaji ana yake, na hata wewe unayebeba, ukikutwa nao faini inaanzia shilingi 30,000. Zanzibar walitutangulia, wao walianza 2006. Kilichofuata huku kwetu unakijua. Ile yenye mikono ikaondoka, vikabaki vile vyepesi visivyo na mikono, vilivyoachwa kwa ajili ya kufungashia bidhaa tu, na wafanyabiashara wakavigeuza mifuko ya kubebea. Kazi yake ni safari ya kutoka sokoni hadi jikoni. Baada ya hapo ni mtaroni, na mtaro wa Tanga mwisho wake ni baharini, ambako kasa hukidhania yavuyavu akakimeza. Kwa hiyo hukukosea kukikataa.

Ulichokosea ni saa ya kukataa. Samaki keshaparuliwa, keshatiwa, nyuma yako watu wanasubiri, ndipo unatoa hotuba. Kijana wa watu ana mikono ya magamba, atakusikiliza saa ngapi? Na samaki hatiwi kwenye kitambaa. Samaki ana ndoo. Ndoo ndogo yenye mfuniko, unamkabidhi kabla hajashika kisu, unamwambia "nitilie humu", basi, wala huna haja ya kutaja bahari wala kasa. Akikuona na ndoo hiyo mara kwa mara atakuwa anakupokea yeye mwenyewe. Ndoo ya namna hiyo ulikuwa nayo, mjukuu wangu. Ulimpa mzoa taka.

Na tuseme habari ya hayo makopo, kwa sababu ndiyo yaliyomuuma mkwe wako. Ndoo ya rangi iliyotumika miaka yote hiyo haina deni na mtu. Mafuta yaliyoitengeneza yalishatumika, gari lililoileta lilishafika, ilichobakiza ni kukaa rafuni ikihifadhi unga wa muhogo. Wewe umeitoa rafuni ukaipeleka dampo, halafu ukaagiza kioo ambacho kimeyeyushwa kwenye tanuri la joto la kupita nyuzi elfu moja, kikafungwa kwa povu na boksi, kikapanda basi kutoka Dar. Hapo umenunua mara mbili na umetupa mara moja, na jina lake ati ni mazingira. Chombo cha plastiki kilichomo ndani na kinachofaa, kitumie mpaka kipasuke. Usichokihitaji ni kipya.

Hiyo mifuko ya kitambaa nayo ni hadithi ileile. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulitoa utafiti uliolinganisha mifuko ya dukani kwa kuhesabu hewa zinazopasha joto dunia, kuanzia malighafi mpaka kutupwa. Walikuta kwamba mfuko wa pamba unatakiwa utumike mara 131 ndipo uwe umelipa sawa na mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Ule unaofanana na kitambaa, uliojaa madukani kwetu tangu 2019, mara 11. Wa karatasi, mara 3. (Na huo unaofanana na kitambaa usikudanganye, ni plastiki pia, polipropilini.) Hesabu hiyo haisemi lolote juu ya mtaro wako uliozibwa wala juu ya kasa, kwa hiyo usiichukue ukarudi kwenye rambo. Inachosema ni kwamba mfuko mmoja wa kitambaa ulio mkononi kila siku ni mali, na kabati zima la mifuko ni pamba iliyolimwa, ikanyweshewa maji, ikapigwa dawa, ije ikae kwako gizani. Bakiza miwili mitatu. Mingine mpe mama wa nyanya. Sisemi kwa utani: mpelekee pale Mgandini, mwambie awape wateja wake wanaokuja mikono mitupu. Utaona kama ataendelea kupaza sauti.

Sasa mkaa.

Mkaa wetu mwingi hutengenezwa kwa matanuri ya asili, miti inapangwa, inafukiwa udongo, inaungua polepole bila hewa ya kutosha. Sehemu kubwa ya mti inapotea humo. Kupata kilo 1 ya mkaa hutumika kwa kawaida kilo 7 hadi 10 za kuni, na mchomaji asiye na uzoefu hutumia zaidi. Yale makopo mawili uliyorudisha kwa jirani, miti yake huko ilikokatwa ilijaa mikono ya watu. Kimfuko cheusi kilichoyabeba kilikuwa na uzito wa gramu chache. Nisikilize vizuri: katika kila unachonunua wiki nzima, sokoni, dukani na kwa jirani, sidhani kuna kinachokula mazingira kama huo mkaa, na hukuutaja kwenye barua isipokuwa kwa bahati, kwenye mabano na kwenye ugomvi.

Na misitu si ya Handeni na Kilindi tu huko mbali. Maji unayofungua bombani Makorora yanatoka bwawa la Mabayani, Mabayani inajazwa na Mto Zigi, na Zigi unaanzia kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki. Msitu ukiondoka juu, mto unakuja na tope wakati wa mvua na unakauka wakati wa kiangazi. Ndiyo maana hata serikali imeingia humu. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa ziachane na kuni na mkaa kufikia Januari 2024, na Mei mwaka huohuo ukazinduliwa mkakati wa kutaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034.

Najua utaniambia gesi ghali, na maharage yanaumaliza mtungi. Kweli kabisa, maharage kwenye gesi kwa sufuria la kawaida ni hasara. Lakini wewe umeolewa na fundi umeme! Nilipofika hapo kwenye barua nilivua miwani. Kuna hayo majiko ya umeme ya presha, yale ya duara yenye mfuniko wa kufunga, ambayo maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja ya umeme. Uniti moja kwa mtumiaji wa kawaida ni zaidi kidogo ya shilingi 350, na wenye matumizi madogo sana hulipa pungufu ya hapo. Wewe unajua makopo ya mkaa ya siku ya maharage yanakugharimu kiasi gani, kaa na mumeo mpige hesabu ya mwezi. Umeme wenyewe siku hizi sehemu kubwa unatokana na maji, hasa tangu bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilipoanza kuzalisha 2024. Jiko lenyewe si rahisi kwa mkupuo, lakini ukijumlisha mifuko, mitungi, miswaki na mirija, pesa ya jiko ilipita mikononi mwako, ikaenda zake. Na hata kabla hujalinunua, loweka maharage usiku. Mkwe wako anajua hilo, na nina hakika alishakuambia.

Siku umeme umekatika, au shughuli ni kubwa, mkaa utawashwa. Sikatai. Mimi mwenyewe wali wa nazi na samaki wa kuchoma siwezi kukudanganya kwamba ni sawasawa bila moto wa makaa. Lakini mkaa wa samaki wa Ijumaa ni kitu kimoja, na mkaa wa kila mlo, kutwa mara tatu, ni kitu kingine.

Nyanya. Umeandika kwamba zikiharibika zinaoza tu zikaisha. Kwenye shimo la uani, zikichanganywa na majani makavu na udongo, ndiyo, zinageuka mbolea. Dampo si hivyo. Zikifukiwa chini ya taka nyingine bila hewa zinatoa methani, na hiyo kwa kipimo cha miaka 100 inapasha joto karibu mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Halafu fikiria nyanya imetoka wapi: imelimwa Lushoto, imenyweshewa, imepigwa dawa, imeshuka mlima kwenye tenga juu ya lori, imefika Mgandini, umeilipia, umeitupa. Acha kununua sado, mjukuu wangu. Sado ni la mama ntilie. Wewe nunua fungu, kesho nunua fungu, soko liko hapohapo na kapu unalo. Ulikuwa unakimbia mifuko ukajikuta unatupa chakula. Na kiporo kisitupwe, wali wa jana na maharage ya nazi asubuhi ndiyo chai ya Tanga, kama watoto wako hawali basi mlete mmoja kwangu.

Kuchoma plastiki uani acha leo. Si kesho. Nailoni, pampasi, mifuko ya pipi na vipande vya mabomba vikiungua kwa moto mdogo wa uani vinatoa moshi wenye sumu, nyingine za jamii ya dioksini, ambazo zikiingia mwilini hazitoki kwa urahisi. Majivu yake watoto wanachezea, kuku wanaparura, na mayai unakula. Mama mkwe wako hakohoi makusudi. Chupa za maji na za soda weka kando, wako vijana wanaozikusanya na kuziuza kwa kilo, na hata makopo ya bati wanayataka. Nailoni zilizobaki, ambazo zikipungua zitakuwa chache tu, mpe mzoa taka zikiwa zimefungwa pamoja zisipeperuke.

Pampasi umezitaja mtaroni ukanyamaza, nadhani kwa sababu ya huyo mdogo. Sitakuambia urudi kwenye nepi kutwa kucha, kufua nako kunataka maji na mgongo. Mchana akiwa nyumbani mfunge nepi, usiku na safarini pampasi, na iliyotumika iende kwenye taka, isiende mtaroni. Nusu yake umeiokoa, na pesa yake pia.

Kuna dukani hapo jirani ambako sina haja ya kukufundisha, maana desturi nzuri tulikuwa nayo tukaiona ya kimaskini. Mafuta ya kupima kwenye chupa yako mwenyewe. Sukari na mchele kwenye bakuli ulilotoka nalo. Sabuni ya mche. Leo kila kitu kimekuwa cha kipakiti, sabuni ya unga ya kipakiti, pilipili ya kipakiti, na kipakiti kimetengenezwa kwa matabaka ya plastiki na karatasi ya bati yaliyogandishwa pamoja, hakuna mwokota taka anayekigusa kwa sababu hakuna anayekinunua. Pombe za viroba zilipopigwa marufuku Machi 2017, kilichoongelewa zaidi kilikuwa ulevi wa vijana, lakini mitaro nayo ilishukuru. Wewe ukipata pesa mkononi, nunua pakiti kubwa moja au nunua ya kupima. Na machungwa ya Muheza yakiwa msimu, mtu wa Tanga anayenunua tufaha la Afrika Kusini mimi simwelewi, kwa mazingira na kwa ulimi.

Huyo changu nilisahau. Wawili hao walikuwa na ukubwa gani? Kama walitosha kiganjani, wamevuliwa kabla hawajazaa, na hilo lina madhara kuliko walichofungiwa. Nunua mkubwa mmoja umkate.

Sasa kwa mkwe wako. Nenda ukamwambie, "Mama, nilitupa vyombo vyako bila kukuuliza, nisamehe." Uishie hapo. Usiongeze neno la plastiki hata moja, na usimnunulie kitu cha kufidia, atakiona kama umemletea hongo. Badala yake mwombe muende naye Mgandini siku ya katikati ya wiki, na yeye ndiye ashike kapu. Kapu la ukili lipo ndani humo, nyumba ya mwanamke wa umri wake halikosekani, labda limening'inia nyuma ya mlango. Mwulize alipokuwa msichana machungwa walifungia nini na samaki walibeba vipi. Atakuambia pakacha, atakuambia samaki walitungwa kwenye kamba wakaja wananing'inia. Mengi unayoyatafuta kwenye simu aliyafanya akiwa na umri wako, na aliyaacha kwa sababu aliambiwa ni ya kizamani. Sasa umekuja wewe kumwambia kwamba hata yale aliyohamia nayo hayafai. Ningekuwa mimi, chumvi ningeiweka benki.

Kwa mumeo sina la kusema, mpikie maharage yaive.

Tumalizie maulidi. Usikatae manunuzi, yapokee kwa mikono miwili, kwa sababu mwenye kushika orodha ndiye mwenye kuamua. Na usimkabili mama kwa kusema vyombo vya povu haviozi, ingawa ni kweli haviozi. Mwambie hivi: "Mama, watu wakila kwenye vile viboksi, kila mmoja kajiinamia na chake, itakuwa maulidi au kantini? Sisi tuwawekee sinia." Hapo umemgusa penyewe. Pilau ya maulidi ni ya kukaa mkeka mmoja, watu wanne watano mkono kwenye sinia moja, kachumbari pembeni, ndizi juu. Hao jirani waliosifiwa viboksi, mwakani watakuja kuazima sinia kwenu.

Maji, chukua mitungi miwili ya udongo kama bado mnayo, au ndoo kubwa zenye bomba. Chemsha maji siku moja kabla, yapoe, na mitungi ifukizwe ubani kabla ya kujazwa. Mpe mama hiyo kazi ya kufukiza, hawezi kuikataa. Vikombe vya bati vya kuazima, wasichana wawili wa kuosha, na beseni la kunawia. Hesabu bei ya katoni za maji ulizokuwa ununue, umwonyeshe, umwambie pesa hiyo iongezwe kwenye nyama. Shughuli itakayosemwa mtaani ni ile iliyokuwa na nyama.

Kuna wasiojiweza na wagonjwa watakaofungiwa chakula, hilo haliepukiki, na si ustaarabu kumnyima mgonjwa pilau kwa sababu ya kiboksi. Majani ya mgomba yanatosha kwa walio karibu, wengine watume hotipoti asubuhi, na kwa waliobaki nunua viboksi vichache bila kinyongo.

Sinia za kuazima zianze kutafutwa sasa hivi, tena mtume mama mwenyewe, wewe bado mgeni kwa wale akina mama. Sinia za msikitini Mfungo Sita hugombewa, na anayechelewa huambulia zile zenye matundu.